Mkanda wa Pikapu ya Baba

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini mgongo umetulia na huko kazini hawakukamui sana. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, magoti yake yanalalamika asubuhi tu, ikifika saa nne ameshasahau na anamgombeza kila mtu uani.

Habari kubwa ni pikapu. Yaani kwa kazi uliyoifanya zile wiki tatu za likizo, sijui nikushukuru vipi. Tangu uifunge ile turbo, mlima wa shule inaupanda na mzigo wa matofali kwa gia ya tatu, wakati zamani tulikuwa tunashuka tunasukuma huku tunamtaja marehemu baba kwa kutuachia balaa. Rejeta haichemki. Springi ulizoongeza nyuma haziinami. Shemeji yako anaiosha kila Jumamosi mpaka nimemuuliza kama ameoa mke wa pili.

Juzi fundi wa njia panda alitaka kuufungua mkanda wa taimingi aukague. Shemeji yako akamfunulia boneti, akamwonyesha ulivyoandika kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko: "Mkanda mpya", na tarehe. Akamwambia, "Shemeji yangu akiandika, ameandika." Fundi akarudisha spana mfukoni.

Hata mama, aliyezoea kusema mkwe wake anachojua ni kupiga honi tu, siku hizi anamwita dereva. Ungemwona anavyotembea kifua mbele, ungecheka. Tuandikie.

Dada yako

Tarehe 2 Machi

Dada yangu,

Nimepata barua yako na nimefurahi kusikia mama anagombeza, maana akinyamaza ndipo tuogope. Mimi mzima. Karakana hii ni kubwa, mafundi tuko wengi, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyepoteza jeki.

Mwambie shemeji asiibane sana gari milimani. Injini ni ileile ya baba, nguvu tumeiongezea ukubwani. Na huyo fundi wa njia panda akipata nafasi, si vibaya akafungua kile kifuniko akatazama. Si kwamba kuna tatizo. Ni kuhakikisha tu.

Nisalimie watoto.

Mdogo wako

Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tunapumua, tumshukuru Mungu kwa hilo.

Pikapu imekufa. Jumanne iliyopita, katikati ya mlima wa shule, imejaa matofali, injini ikakata ghafla ikapiga kelele kama sufuria zimeanguka. Walioitoa pale ni watu wa trekta. Fundi wa njia panda ameifungua, anasema mkanda ulikatika, pistoni zikazigonga valvu, zote zimepinda. Nikamuuliza mkanda mpya unakatikaje? Akasoma maandishi yako, akatikisa kichwa, akasema hapa ni dereva tu: kapewa turbo, akili ikamruka, kapakia kupita kiasi na kukanyaga mafuta bila huruma.

Nilipandwa na hasira. Oda za watu zimekwama, wafanyakazi wamekaa, na shemeji yako amesimama tu, mkono mfukoni. Mbele ya mama na wale vijana wawili wanaofyatua matofali, nilimwambia alikuja kwenye uwanja wa baba yangu mikono mitupu na ataondoka nayo mitupu. Nikamnyang'anya ufunguo. Mama akaongezea ya kwake, na wewe unamjua.

Wewe ndiye fundi, na neno lako ndilo la mwisho hapa nyumbani. Niambie, ni kosa lake? Ukisema si lake nitamwomba radhi leoleo.

Dada yako

Tarehe 11 Mei

Dada,

Pole sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu kazi zimetubana. Pole pia kwa mama.

Valvu na mkanda natuma kwa dereva wa lori anayekuja huko, pamoja na gaskiti. Msinunue hapo, mtauziwa feki.

Kuhusu ulichouliza, kutoka huku mbali ni vigumu kusema. Mzigo mkubwa na mlima, mambo mengi huweza kutokea. Huenda alizidisha kidogo. Lakini msimwonee, ni binadamu.

Mdogo wako

Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Za siku nyingi? Mama amekuwa na mafua lakini amepona.

Vipuri vilifika, pikapu inatembea, na nimeajiri dereva mwingine. Shemeji yako hayupo. Siku ile nilipoisoma barua yako mezani, nilipofika kwenye "huenda alizidisha kidogo", aliweka kikombe chini akasema, "Basi kama shemeji amesema." Akatuomba msamaha, mimi na mama. Kesho yake akakunja nguo zake. Yuko machimbo ya kokoto, anapakia malori kwa koleo. Mtu aliyeendesha gari miaka kumi na mbili bila kukwaruza hata bampa.

Watoto wanamfuata huko Jumapili. Mimi siendi, naona aibu, na sijui ni aibu ya nini, kwa kuwa mwenye kosa ni yeye. Kitanda kimekuwa kikubwa mno.

Dada yako

Tarehe 8 Julai

Dada,

Nimeshindwa kuanza na salamu. Soma hii ukiwa umekaa.

Ule mkanda sikuubadilisha.

Unakumbuka baba alivyotufundisha karakanani kwake: andika kwanza, ndipo ufanye, ili mkono uone aibu kuacha kazi njiani. Basi siku ya mwisho ya likizo niliandika kwanza, kama kawaida. Nikafungua kifuniko, nikatoa mkanda nilionunua, kumbe si wake, umepungua meno mawili. Duka lilikuwa limefungwa na basi langu lilikuwa linaondoka saa nane. Nikaubonyeza ule wa zamani kwa kidole gumba, nikajidanganya kuwa bado una maisha, nikarudisha kifuniko. Rangi ilikuwa haijakauka. Ningeweza kuifuta kwa tambara. Sikuifuta, kwa sababu shemeji alikuwa amesimama pembeni ananisifu, na nilizipenda zile sifa.

Ulipoandika kuwa amemzuia fundi kwa ajili ya maandishi yangu, nilikujibu tu kwamba si vibaya akatazama, na ukweli sikuusema. Ulipoandika kuwa gari imekufa, nilijua saa ileile. Uliniuliza swali la wazi, nikakujibu "huenda". Neno hilo moja limemtoa mume wako nyumbani. Kila siku hapa naandika kwenye vifuniko vya magari ya watu na mkono wangu unaniudhi.

Shemeji hana kosa hata chembe. Wasomee barua hii mama na wale vijana, wote waliosikia maneno siku ile. Msamaha sipaswi kuuomba kwa karatasi, ila sina namna nyingine mpaka nipate ruhusa ya kuja.

Mdogo wako

Tarehe 27 Julai

Mdogo wangu,

Tuko wazima.

Nimefanya ulivyosema. Nilimsomea mama uani, na vijana wameacha kazi wanasikiliza. Mama akaingia ndani, na mpaka leo hajagombeza mtu.

Kisha nikaenda machimboni na barua yako mkononi. Shemeji yako alikuwa juu ya lori, mweupe kwa vumbi, mpaka nikampita bila kumtambua. Nikamsomea pale pale. Hakushangaa. Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile fundi alipoifungua injini. Niliutoa mkanda mwenyewe alipokwenda kuazima spana, kabla hajauchunguza. Ulikuwa umepasuka kama kisigino. Nikauficha."

Nikamuuliza kwa nini alikubali nimtukane vile mbele za watu na ushahidi uko mfukoni mwake. Akaniambia alitaka useme wewe mwenyewe, alikuwa na hakika utasema. Barua yako ya Mei ndiyo iliyomshinda. Siku ile, anasema, angeutoa mkanda mezani, lakini ndugu ninaye mmoja tu, na hakutaka kuwa yeye wa kuniondolea.

Nilikaa kwenye kokoto nikalia, watu wananitazama. Nilimwomba msamaha kwa yale maneno ya mikono mitupu. Akasema amesikia. Hakusema atarudi, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Dereva yule mpya nilishamlipa nikamwachisha, na ufunguo nimeuacha juu ya koti la shemeji yako. Kufikia leo ni siku ya tisa, na pikapu bado imesimama uani.

Nilipokuwa naondoka aliniomba nisikuandikie kwa ukali. Nimejitahidi, kwa ajili yake, si kwa ajili yako.

Dada yako