Safari Uliyotulipia

Nyumbani kwa Mama,
Uani, palipokuwa na karakana.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, mkeo na watoto? Kifua cha yule mdogo kimepona? Nasikia baridi ya huko haina adabu. Huku tu wazima. Presha ya Mama imeshuka, miguu inamsumbua kama kawaida yake, na mimi nina nguvu zangu zote, ila kwa sasa sina pa kuzitumia. Sababu unaijua.

Nimekujulia hali kwanza kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Sasa tulia unisikilize.

Nianze na shukrani, usije ukasema dada yako hana fadhila. Hoteli ni nzuri kweli. Iko porini hasa; gari lilitutikisa mpaka Mama akasema ini limehamia begani. Wageni wanalala kwenye mahema, lakini mahema yenye vitanda vya kifalme. Nilivikagua viungo vyake kwa vidole, na aliyevifunga si fundi wa kubahatisha. Taa zinawaka kwa jua, maji ni ya mvua, na chooni unamwaga pumba za mbao badala ya maji. Mama alipoelezwa hilo alinigeukia. "Yaani mwanangu amelipa hela zote hizo nije nijisaidie kwenye pumba, na uani kwangu zimejaa bure?" Mhudumu alicheka mpaka akaegemea nguzo.

Tembo walikuja kunywa maji mbele ya baraza letu tukinywa chai. Mama, ambaye hata msibani hanyamazi, alinyamaza. Kisha akasema, "Baba yenu angeyaona haya." Akanishika mkono, nami sikumbuki mara ya mwisho aliponishika hivyo ilikuwa lini. Kinachoniuma zaidi ni hicho, mdogo wangu. Tulifurahi. Tulikuombea dua.

Jambo jingine. Hoteli ile ni mali ya kijiji kizima. Mwongoza wageni alitueleza kwamba haukatwi mti wala hauinuliwi ukuta mpaka wakae wote wakubaliane, na kwamba hata pa kuchimba choo palibishaniwa mpaka watu wakanuniana. Mama alilipenda hilo kuliko tembo. Njia nzima ya kurudi alikuwa akilisimulia kwa dereva.

Na wewe ulinihimiza nizime simu. "Dada, mpumzike, mambo ya nyumbani yatajisimamia." Nikaona una huruma. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Tuliposhuka getini tulikuta vumbi. Karakana yangu ya useremala haikuwa na paa. Kuta mbili zilikuwa chini, na matofali mapya yamepangwa hadi dirishani kwa Mama. Shemeji yako, kaka wa mkeo, alikuwa amesimama katikati na miwani yake ya jua, anaelekeza watu kama yuko kwao. Kile kitanda cha bibi harusi nilichokiacha nusu, ubao wake wa kichwani walikuwa wanaukanyaga kupandia ukutani. Randa na patasi zangu zilitupwa bandani kwa kuku. Jiliwa la Baba, lile la chuma la kubania mbao alilonifundishia kazi, wameliuza kama chuma chakavu. Nimezunguka kwa wanunuzi wote. Halipo.

Nilitaka kumrukia shemeji yako. Mama akanizuia kwa mkono, akamuuliza kwa upole, "Baba, nani kakutuma?"

"Mwenye nyumba," akajibu, hata miwani hakuvua.

"Mwenye nyumba ndimi, ndiyo kwanza natoka safari."

Mama akaweka begi lake chini na kukaa juu ya matofali yako. Fundi mwashi akashuka ngazi, akavua kofia. "Mama, tusamehe. Tuliambiwa umehamia ng'ambo kwa mwanao, hurudi tena."

Nilimtazama Mama. Matofali alikuwa ameyavumilia, lakini neno hilo lilimwangusha. Alijifunika uso kwa kanga.

Nilipokupigia simu ukanieleza eti ulitaka kumshtua kwa furaha, umjengee vyumba vya kupangisha apate cha uzeeni. Sawa. Mtu anayemwandalia mama yake furaha humzika akiwa hai? Na mimi ningefanyia kazi wapi, barabarani? Tangu tukiwa wadogo unasema mwanamke hashiki randa. Randa hiyo hiyo ndiyo iliyokununulia viatu vya kupandia ndege. Sikudai. Nakukumbusha tu, maana mwenye kushiba hujisahau.

Shemeji yako aliondoka hivyo hivyo na miwani yake. Kesho yake fundi mwashi alirudi na wenzake bila kuitwa. Mama akawaketisha, akaniketisha na mimi, akasema hapa nasi tutafanya kikao. Tukabishana dirisha liwe wapi. Mimi nilitaka upande wa mashariki, yeye akashikilia la kusini, na akanishinda. Karakana inainuka upya, tena pana kuliko ya Baba, kwa matofali yako. Ni matofali mazuri. Kwa hilo nakushukuru bila kejeli.

Bibi harusi amekubali kusubiri kitanda. Mama yake amekusema maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Wabusu watoto, wao hawana kosa. Mkeo mwambie nimemsalimu, na kaka yake asikanyage uani kwetu hata kwa kupotea njia. Shangazi anakusalimu, hajui bado, na akijua utaisikia sauti yake bila simu.

Nilimwuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema dua zake hazitumwi tena kwa barua wala kwa simu. Ukizitaka, panda ndege, uje ubishe hodi kama mgeni, na yeye mwenyewe ndiye atakayekufungulia au asikufungulie.

Mimi dada yako, ninayekupenda kwa shida.