Asubuhi Ghorofa Nzima Ilipoacha Kupiga Pasi

Jumamosi, mtaani Pipeline. Jua limetoka mapema, kamba zimejaa nguo za watu, na mimi natabasamu peke yangu.

Wacha nikiri kwanza. Wiki nzima kompyuta yangu ya Linux imekuwa ikilalamika kwamba sehemu ya mfumo kwenye diski imejaa, nami nikapuuza. Jana ikagoma kuwaka. Kwenye diski hiyo hiyo, sehemu ya mafaili yangu ilikuwa na nafasi tele. Dawa ni kuipunguza hiyo, kuisogeza kando, na kuiongezea ya mfumo nafasi. Lakini humo ndimo ilimo sauti ya marehemu Baba, akichonga vinyago na kunicheka ninavyoshika patasi. Hakuna nakala nyingine popote.

Najua, najua. Unanakili kwanza. Diski ya nje sikuwa nayo, na subira pia sikuwa nayo.

Halafu betri ya kompyuta ilikufa kitambo. Stima ikipotea mafaili yakiwa katikati ya safari, Baba ameenda mara ya pili. Na ghorofa yetu yote inatumia swichi kuu moja: pasi mbili na koili moja ya kuchemshia maji zikiwaka pamoja, inajizima. Jumamosi ndiyo siku ya pasi.

Basi nikabisha mlango mmoja mmoja, nikiomba masaa mawili tu. Jirani yangu Mama Brayo, mwenye mdomo, akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Masaa mawili? Kwani hiyo kompyuta inajifungua?"

Nikamwambia ni sauti ya Baba. Akachomoa koili yake, akakaa kwenye ngazi kama askari, akifokea kila aliyeonekana na pasi.

Nikawasha kompyuta kwa flashi, nikafungua GParted, programu ya kugawa diski, nikabonyeza. Mstari ukaanza kutambaa. Jasho lilinitoka! Nilisali kila sala niliyofunzwa nikiwa mdogo.

Ikamaliza.

Nikachomoa flashi, nikawasha tena. Wueh, ikawaka! Nikafungua faili la kwanza, Baba akakohoa, akasema, "Woi, utajikata kidole." Nililia na kucheka kwa pamoja. Nimeweza! Mimi mwenyewe, kwa mikono hii isiyojua patasi.

Mama Brayo akachungulia, pasi mkononi. Akasikiliza kimya hadi mwisho, jambo ambalo ghorofa hii haijawahi kuona.

"Huyo mzee anacheka vizuri. Sasa nipige?"

Piga, Mama Brayo. Piga hata mapazia. Mimi natoka sasa hivi kununua diski ya nje, iwe ya Baba peke yake.