Sanduku la Shangazi Diamanto

Ermupoli, kisiwani Siros
Katikati ya Oktoba, 1979

Mheshimiwa Padri Theoklitos, uliyetubatiza karibu sote; Baba Mkubwa Likurgos, mkuu wa ukoo wetu; Shangazi Garufalia; binamu zangu pamoja na wake na waume zenu; nanyi vijana mliosimama nyuma kwa kuwa viti havitoshi: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Nimemwomba binamu yangu Evanthia awasomee barua hii Jumapili baada ya ibada, kwa sauti, bila kuruka mstari hata akiombwa auruke.

Mimi ni mzima, ingawa bahari ilinitikisa na nikafika bandarini nikiwa rangi ya limau. Natumaini goti la Baba Mkubwa limetulia, kifua cha Shangazi Garufalia hakijaanza kelele zake za vuli, na zabibu za mwisho zimekamuliwa kabla ya mvua.

Mlinituma nimlete nyumbani Shangazi Diamanto. Wakubwa mnayajua yaliyotangulia. Nayarudia kwa ajili ya vijana. Diamanto alishuka kutoka milimani kwetu akiwa msichana, akaja hapa kufanya kazi katika kiwanda cha kufuma nguo, akaolewa na Zannis, fundi wa kuunda mashua, Mkatoliki. Baba Mkubwa alitamka kwamba asikanyage kwetu na huyo Mfranki wake, kama wazee wetu wanavyowaita Wakatoliki, naye hakukanyaga tena. Diamanto alipofariki, Baba Mkubwa alikuja mazikoni, na pale kwenye ngazi za kanisa akamwambia Zannis kwamba dada yake atalala katika udongo wa bandari hadi siku ya kufukuliwa tu, kama ilivyo desturi yetu. Miaka mitatu ikipita, mifupa itakuja kwenye kaburi la ukoo. Zannis alikubali mbele yetu sote, bila kubishana. Tulirudi nyumbani tukijiona washindi.

Sasa miaka hiyo imetimia, na habari ni hizi.

Nilipokelewa gatini na Frantzeska, dadake Zannis, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu. Kabla sijaweka mzigo chini aliniuliza kama watu wa milimani nao siku hizi wanapanda meli. “Sisi tulidhani mnayaogopa maji kama paka,” akasema. “Maana harusi hamkuja, ubatizo hamkuja, ugonjwani hamkuja. Mazikoni ndipo mkaja, tena mnakimbia!” Nilimjibu kwamba mimi wakati wa harusi nilikuwa bado sijazaliwa. “Basi wewe nakusamehe,” akasema, “lakini begi utabeba mwenyewe.” Tukapanda ngazi zile zisizokwisha hadi kwao juu, yeye akiongea njia nzima, mimi nikitafuta pumzi.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda makaburini. Fahamuni kwamba hapa sisi Waorthodoksi tuna makaburi yetu na Wakatoliki wana yao, na kati yao kuna ukuta. Mwanzoni nilidhani kaburi la shangazi limeachwa. La. Taa yake ilikuwa inawaka, kioo kimefutwa, mafuta mapya. Mchimba kaburi, Pandelis, aliniambia kwamba Zannis huja kila Jumamosi, na watu wa pande zote mbili wamechoka kumtania kwamba amekosea mlango.

Pandelis alichimba, padri wa hapa akasoma sala. Mifupa ilitoka mikavu, ya manjano kama nta, na wanawake waliokuwa karibu wakafanya ishara ya msalaba wakisema hiyo ni dalili ya roho iliyotulia. Frantzeska alishika beseni, mimi nikamimina divai, na Zannis ndiye aliyeosha. Hakutuachia hata kidole. Alipofika kwenye mkono wa kushoto aliuinua kidogo juani akatuonyesha pale ulipovunjika mwaka ule shangazi alipoteleza kwenye marumaru ya uwanja, na akasema kwamba daktari aliuunga vibaya, na kwamba yeye alimwambia daktari hivyo palepale.

Kisha akaleta sanduku. Amelitengeneza kwa mkono wake, kwa mbao za mvinje, limeungwa bila msumari hata mmoja, maungio yamezibwa kama ya mashua. Lakini lilikuwa pana mno. Pandelis aliegemea sepetu akacheka. “Mzee Zannis, hili ni sanduku au mtumbwi? Mkeo alikuwa na miguu mingapi?” Zannis akamwambia achimbe, asihesabu miguu ya watu. Mifupa yote ya shangazi, pamoja na kitambaa cheupe, ilikaa upande mmoja wa sanduku. Katikati kuna ubao. Upande wa pili ulibaki mtupu.

Wakati wa chakula cha mchana nilimwuliza Zannis kwa nini siku ile alikubali bila kubishana. Frantzeska alikuwa ameweka mezani soseji za shamari na jibini, na alipolisikia swali langu akainuka kwenda jikoni, ambako hakukuwa na kazi yoyote. Zannis aliniambia bila kupandisha sauti. Siku za mwisho Diamanto alimwomba arudishwe kwao, alale na mama yake. Kwa hiyo Baba Mkubwa alipodai mifupa kwenye ngazi za kanisa, alikuwa anadai kitu ambacho Zannis alikuwa amekwisha kukiahidi. “Asingepiga kelele ningempa vilevile,” akasema. “Ila niliona ana haja ya kupiga kelele, nikamwacha.”

Nikamwuliza upande wa pili ni wa nini. Akasema ni wake. Naye atazikwa hapa kwa muda, na akifukuliwa, watoto wa Frantzeska watamleta. Ule ubao wa kati hakuutia gundi. Mwenye kumleta atauchomoa. “Maisha yote yeye ndiye aliyekaa ugenini, kwetu,” akaniambia. “Sasa ni zamu yangu kwenda kukaa kwao. Ukiona watakataa, niambie wewe leo, usiniachie nikasikie nikiwa mfupa.” Akacheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Pumzi yake si nzuri, na hilo nawaambia kama nilivyoliona.

Najua, Baba Mkubwa, kwamba hapa utanyanyua fimbo umnyamazishe msomaji. Evanthia, endelea. Baba Mkubwa, ulitaka dada yako arudi, na anarudi. Hakuna mtu hapa aliyekunyima kitu. Uliyemwita mwizi aliyekuibia dada yako amemwosha kwa mikono yake ili akukabidhi. Nawe Padri Theoklitos, nilimwuliza padri wa hapa. Alisema kibali cha kumlaza Mkatoliki katika kaburi la Waorthodoksi kijijini kwetu ni chako, si chake, lakini akaongeza kwamba kisiwani humu Wakatoliki na Waorthodoksi wanakula Pasaka siku moja, na bado hajaona aliyedhurika kwa hilo.

Frantzeska anawasalimu, na anasema mtu wa milimani akila vizuri hufaa kuongea naye. Zannis hakunituma salamu. Anasema atazileta mwenyewe.

Mliniagiza kwa niaba yenu wote, mkasema nitakaloliamua huku mtalifuata. Basi nimeamua. Nitapanda meli Alhamisi pamoja na sanduku na pamoja na Zannis, akaone mahali pake. Nimelipima: halitapita kwenye mlango wa kaburi letu. Kwa hiyo mwiteni mwashi kesho, alivunje jiwe la upande wa kushoto na kuupanua mlango kabla hatujafika. Asiyekubali asitume mtu wala asinong'one mkahawani. Aje stesheni Ijumaa, amtazame Zannis usoni, amwambie sanduku likatwe nusu, na amkabidhi msumeno.

Wenu kwa heshima na upendo,
Anargiros