Anti Joyce Hakutaja Jina

Jumanne, 10 Juni
Nimemsindikiza Daudi kupima mkojo. Kama kila Jumanne. Mimi hubaki nje ya kliniki, kaka yangu huingia. Akitoka husema, "Askari, mfungwa wako amerudi." Huwa sicheki, lakini napenda anavyosema.

Mahakama ilimpa matibabu badala ya mwaka mmoja gerezani. Alitia sahihi mpango: miezi sita katika kituo cha kuacha dawa za kulevya, kisha nyumbani kwetu, mtaa wa Rågsved, vipimo, na kumwona msimamizi wake. Akivunja mpango, anaweza kwenda jela. Mama huwaambia watu wa kanisani kwamba yuko chuo, katika mji wa Uppsala.

Nimemaliza shule wiki iliyopita. Sina kazi bado. Kazi yangu ni Daudi.

Alhamisi, 12 Juni
Daudi ameniita chini, kwenye chumba cha kufulia. Jana alimeza vidonge. Viwili. Amelia huku ameshika kikapu cha soksi.

Jumatatu saa nane mchana ana miadi na msimamizi. Atasema mwenyewe. Ukisema mwenyewe, wanaona bado unapigana. Wakikugundua, wewe ni mwongo tu. "Nipe mpaka Jumatatu. Na usimwambie Mama."

Nimekubali. Namwamini. Naogopa sana.

Ijumaa, 13 Juni
Chakula hakishuki. Nimempigia Anti Joyce. Ni rafiki ya Mama tangu Nakuru, na ndiye aliyenifundisha shule ya Jumapili. Mimi siwezi kuongea na watu. Na yeye naweza. Nimemwambia yote.

"Hiyo imefia kwangu, mwanangu," amesema. Tumeomba pamoja kwenye simu.

Nimejisikia mwepesi. Nimekula mkate.

Jumamosi, 14 Juni
Ninamchukia.

Maombi yalikuwa nyumbani kwake, Rissne. Watu kumi na wawili, viti vya kukunja, chai ikingoja jikoni. Anti Joyce akafumba macho, akainua mikono. "Bwana, unamjua kijana wa dada yetu. Hayuko Uppsala, Bwana, yuko Rågsved. Na Jumatano amerudia vidonge. Mfungue, Bwana."

Wote wakasema amina. Mama hakusema.

Nikafumbua macho. Kaka Moses wa kanisani naye alikuwa amefumbua. Ni Mganda, muuguzi katika kliniki anakopimwa Daudi. Kumbe alijua habari za Daudi miezi yote hii, na hakuwahi kumwambia mtu hapa. Baada ya maombi alimfuata Mama penye makoti yetu. "Mama Daudi, nisamehe. Hili nimelisikia. Kazi yangu hainiruhusu kulinyamazia." Alikuwa karibu kulia.

Anti Joyce akaniletea mandazi. Nilimwuliza kwa nini.

"Kwani nimetaja jina la mtu? Mimi nimeomba tu."

Jumapili, 15 Juni
Nilipaswa kumwambia Daudi kwamba siri imetoka. Nimesimama mlangoni kwake mara tatu. Mara tatu nimerudi chumbani.

Jumatatu, 16 Juni
Msimamizi alimpigia saa mbili asubuhi. Wamepata taarifa. Daudi alimwambia alikuwa anakuja kusema mwenyewe leo. Msimamizi akamjibu kwamba wengi husema hivyo.

"Wewe peke yako ndiye uliyejua," Daudi ameniambia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nilisema nilimwambia mtu mmoja. Akauliza nani. Mama, aliyekuwa nyuma yake, akanitikisia kichwa: hapana.

Baadaye amenivuta jikoni. "Ukimtaja Joyce, huyu ataenda Rissne kuvunja mlango. Polisi wataitwa. Hapo tumempoteza kabisa."

Ni kweli. Namjua kaka yangu. Kwa hiyo nimenyamaza, na kunyamaza kwangu kumekuwa jibu.

Jumanne, 17 Juni
Ameenda kupima peke yake.

Alhamisi, 19 Juni
Wamekaa kikao cha kesi ya Daudi leo, kabla ofisi hazijafungwa kwa sikukuu ya Midsommar. Mama alikwenda naye. Mimi nilibaki nikisafisha jiko ambalo ni safi.

Haendi jela. Amepewa onyo na anarudishwa kituoni, miezi minne. Kosa moja tena na mwendesha mashtaka ataomba gereza. Mama amekaa sakafuni, bado na viatu miguuni, akashukuru Mungu.

Daudi amefunga begi. Nilimpa chaja yake. Ameichukua bila kuniangalia.

Jumapili, 6 Julai
Mama amerudi kutoka kituoni. Daudi anakula vizuri, anasema. Amenenepa mashavu.

Wageni ni wale tu mgonjwa mwenyewe anaowaandika kwenye orodha. Daudi ameandika wawili. Mama na Anti Joyce. Anti alimpelekea chapati wiki iliyopita. Daudi amemwambia Mama kwamba huyo ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye hamsemi kwa watu.

Mama aliniambia hayo akikatakata sukuma wiki. Hakuinua macho. Daudi ana watu wawili wa kumtembelea. Nikisema, atabaki na mmoja.

Jioni Anti Joyce amepiga simu. Anataka kumpelekea kandambili za bafuni, anavaa saizi gani?

Arobaini na tatu, nimemwambia. Na achague zilizo pana, kwa sababu kidole chake kidogo huchubuka.