Adapta ya Mzee Flavian

Jumanne, 7 Januari 2025

Kinyaa. Siku nzima kinyaa. Sikujua masikio ya watu yana nta kiasi hiki. Nimeshinda nasafisha spika za masikioni za wateja kwa njiti ya kiberiti, na nyingine zimeziba kabisa – nta ya kahawia, ngumu kama sabuni ya mche iliyosahaulika juani. Halafu fundi Uledi anazipokea mkononi mwangu na kumenya waya kwa meno. Kwa meno! Anatema kipande cha plastiki sakafuni na kuendelea kuongea na mteja.

Nilimpa wembe. Akacheka, akasema wembe hupotea benchini, meno hayapotei. Tangu hapo ananiita Sista. "Sista, hii si sakramenti, ni nta tu."

Mama ndiye aliyenileta hapa kwa fundi kujifunza kazi, nisije nikasubiri matokeo ya kidato cha nne nikiwa nimelala nakodolea dari. Sawa. Angeuliza kwanza kama pana maji ya kunawa.

Jioni alikuja Mzee Flavian wa Malangali. Nilichuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama desturi ya kwetu, nikamwamkia. Ana kinasa sauti kidogo cha mkononi. Ndani yake imo kwaya ya Kaengesa, na anayeongoza nyimbo ni mke wake, mama Debora, aliyefariki kabla ya mavuno yaliyopita. Sauti yake haipo mahali pengine popote. Sasa spika ya kinasa imekufa, na tundu la hedifoni ni jembamba, pini ya kawaida haiingii. Mzee hasikii vizuri, anataka kutumia hedifoni kubwa aliyopewa na mkwe wake. Kwa hiyo inatakiwa adapta: huku pini nyembamba, huku tundu la kawaida. Fundi akamwambia hazipatikani madukani hapa, zinatengenezwa. Kisha akanitazama. "Sista atatengeneza."

Kazi yangu ya kwanza. Nilitaka kufurahi. Ila nikaishika ile hedifoni – sponji zimelewa mafuta ya nywele, nyeusi, zinanata kwenye vidole.

Jumatano, 8 Januari

Pini nyembamba tumeikata kwenye spika za masikioni za simu ya zamani ya kitochi, pamoja na waya wake. Tundu nimelibandua kwenye simu iliyokufa. Ndani ya waya kuna nyuzi nyembamba kama nywele: nyekundu ya kulia, kijani ya kushoto, na moja ya rangi ya shaba ambayo fundi anaiita ethi. Hiyo inarudisha umeme wa pande zote mbili. Zote zimepakwa vanishi. Usipoiunguza kwa kiberiti cha gesi, risasi ya kuungia nyaya haishiki.

Nikaunguza nyekundu. Moshi ukatoka – jasho la mtu nisiyemjua, nta yake, na unywele mmoja uliokuwa umejiviringisha humo, vyote vinaungua pamoja. Harufu ikanifika kooni. Ya kijani niliiunguza nimebana pua. Ya ethi sikuiunguza. Niliikwangua kwa wembe harakaharaka, nikaidondoshea risasi, nikatoka nje kupumua.

Niliporudi nikafunga kitambaa kichwani, hedifoni juu yake, nikasikiliza. Kwaya inaimba! Ilisikika mbali kidogo, kama watu walio ndani ya pipa, lakini ngoma ipo, vigelegele vipo, waitikiaji wapo. Nikadhani ndivyo walivyorekodi. Fundi alikuwa na wateja, hakusikiliza.

Mzee alikataa kujaribu mbele yetu. Alisema atasikiliza akiwa nyumbani. Alikibeba kinasa kwa mikono miwili.

Ijumaa, 10 Januari

Najichukia leo.

Fundi alikuwa ameenda kuswali. Akaingia Bibi Kalista, dada yake Mzee Flavian. Hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza kitu kimoja: je, mashine inaweza kumfuta mtu mmoja tu na kuwaacha wengine? Maana kwaya nzima inasikika, wanaitikia vizuri, lakini anayeitikiwa hayupo. Debora ametoka. Ndugu zake Mzee wanasema amechukuliwa. Na anayekichaji kile kinasa kila siku kwenye sola yake ni Minza, mama wa Kisukuma aliyepanga chumba cha uani kwa Mzee, mume wake yuko bondeni na ng'ombe. Bibi Kalista alilisema hilo polepole, ananitazama usoni.

Nilipaswa kusema sijui. Au ngoja fundi. Niliinamisha kichwa kama ninavyofanya siku zote nikiulizwa na mtu mzima. Akasubiri. Kisha akasema, "Nilijua." Akaondoka.

Fundi aliporudi nikamweleza. Hakucheka. Akauliza ethi niliiunguza? Nikautazama wembe, na hapo akajua. Akanifafanulia: ethi isiposhika, kulia na kushoto vinaanza kunyang'anyana, na kile kilicho sawasawa pande zote kinafutika. Mwimbaji aliyesimama katikati anapotea. Wa pembeni wanabaki.

Mama Debora alisimama katikati.

Nikasema twende tukawaambie. Akasema hapana. Tutaitengeneza, tutampa, tutanyamaza, sauti ikirudi maneno yataisha yenyewe. Akachukua waya mwingine na kuuweka mdomoni. Niliona ulimi wake una doa jeusi. Sikula mchana.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeifuata adapta kwa Mzee asubuhi. Nikaiunguza ethi mpaka ikawa nyeusi, nikaifuta, risasi ikashika na kung'aa. Sikubana pua. Nilistahili ule moshi.

Kabla ya kuirudisha nilisikiliza. Sasa nimemsikia. Sauti nzito kuliko nilivyodhani, ina mkwaruzo kidogo, na kabla ya wimbo anasema, "Haya, msinikimbize." Ni mtu kabisa. Nilikuwa nimemfuta mtu kabisa kwa sababu ya unywele.

Nikampelekea Mzee. Nikamwambia nimekaza waya tu. Akavaa, machozi yakafuata mikunjo ya uso wake hadi kidevuni, naye hakuyafuta. Minza alikuwa uani anachekecha unga. Akaniuliza kama Mzee ni mgonjwa. Nikasema hapana, amefurahi. Nikaondoka na moyo mwepesi. Fundi alikuwa sahihi, nilifikiri.

Jumapili, 12 Januari

Fundi hakuwa sahihi!

Baada ya Misa akina mama walikuwa wamesimama karibu na geti, Bibi Kalista katikati. Anasimulia jinsi walivyomwendea Minza Ijumaa jioni wakamwambia airudishe sauti ya marehemu, la sivyo atajua yeye. Na kesho yake tu imerudi! Ushahidi gani zaidi wanautaka? Mmoja akasema Wasukuma ni watu wa dawa. Mwingine, ambaye dakika tano nyuma alikuwa ametoka kupokea komunyo, akasema wamfukuze kabla hajageukia watoto. Wamempa mpaka kesho atoke, na watoto wake, na mvua hii.

Walikuwa wanakula maandazi. Makombo yanawadondokea kifuani, wanacheka kidogo, wanasogezeana chai. Kinyaa cha nta si kitu mbele ya hiki. Nta unaweza kuifuta.

Nimemwambia Mama yote. Ameniambia niache mambo ya watu, mimi ni mtoto, na nikijitia katikati watalikumbuka jina langu. Alilisema kwa upole. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumatatu, 13 Januari

Naandikia kwenye benchi la nje, uani kwa Mzee Flavian.

Nimekuja peke yangu. Nilikuta mabunda ya Minza tayari yamefungwa mlangoni, sufuria juu, watoto wamekaa juu ya godoro lililokunjwa. Ndani walikuwepo Mzee, Bibi Kalista na Modesti, mtoto wa kaka yao. Nikachuchumaa, nikaamkia, na safari hii sikuinamisha kichwa. Nilisema kosa ni langu. Ethi sikuiunguza.

Hawakuelewa. Modesti akasema nimetumwa. Basi nikamwomba Bibi Kalista avae hedifoni yeye mwenyewe. Akavaa kwa ncha za vidole, kama anashika kitu kilichooza. Mama Debora akawa anaimba, niliona kwenye macho ya Bibi. Nikakata ethi kwa wembe. Macho yakabadilika. Nikazigusanisha ncha mbili. Yakabadilika tena. Nikafanya hivyo mara kadhaa, anatoka, anarudi, anatoka, anarudi, huku nikieleza. Nilikuwa na furaha! Nilidhani ameona.

Akavua hedifoni. Akajifuta masikio kwa kitenge, moja moja. Akasogea nyuma mpaka ukutani.

"Kumbe mko wawili," akasema.

Nikatolewa nje, nikawekwa na Minza. Wanazungumza Kifipa kwa sauti ya chini, nasikia jina la mama yangu likitajwa.

Minza amekaa upande huu wa benchi. Nimemweleza. Nilitegemea atashukuru, sijui kwa nini. Aliwatazama watoto wake, kisha mimi.

"Sasa binti, ulijua tangu Ijumaa. Mbona nimefunga mizigo mimi?"

Nimeandika swali lake hapa ili nisilibadilishe baadaye.

Mlango uko wazi. Mzee Flavian amechukua kinasa, amevaa hedifoni tena. Zile ncha nilizisokota tu kwa vidole, hazina risasi, akitikisika kidogo zitaachia, na mama Debora atatoka tena. Modesti anamwambia, "Baba mdogo, sema neno moja tu, watoke au wakae." Mzee ameinua kiganja. Wimbo haujaisha. Modesti amemshika bega –