Kompyuta Kwenye Meza ya Mavuno

Jumanne, 19 Januari 1999

Redio nne leo, zote ugonjwa mmoja: mende. Mende wa Kitui wanapenda joto la transfoma kuliko jikoni. Nimewatoa, nimepiga brashi, nimefunga. Kisha nikarudi kwa kompyuta yangu.

Bado haitoi picha. Inalia kidogo ikiwaka, halafu kimya. Iko juu ya gunia nyuma ya duka la kaka yangu Muthama, kati ya mabati na misumari, haina kifuniko, matumbo yote nje. Muthama amepita akaitazama. "Syokau, hii takataka yako itachoma duka." Hajawahi kusema redio zitachoma duka. Yeye huogopa tu vitu asivyovielewa.

Jumamosi, 23 Januari

Picha! Shida ilikuwa vijiti vya memori. Meno yake yalikuwa meusi. Nimeyasugua kwa kifutio cha penseli, nikavirudisha, skrini ikajaa maandishi. Nilipiga kelele hadi wateja wa saruji wakaja kuangalia.

Lakini kila kitu ni kijani na buluu. Nyekundu haipo kabisa. Nitaitafuta.

Niandike mpango vizuri, ili nikichoka niusome. Kompyuta nimeitoa ofisi moja ya Kiboko, kwa bei ya chuma chakavu, waliponunua mpya na kuuza kuukuu. Mashine za gemu za kuchomeka kwenye TV ni ghali, kaseti zake ni ghali zaidi, na kaseti moja ni gemu moja. Ila kuna programu inayoifanya kompyuta ijifanye ile mashine. Kaseti hazihitajiki tena. Gemu nyingi zinakaa kwenye disketi moja. Shule zikifunga Aprili, watoto wa bweni watarudi mjini hawana la kufanya, na watalipa kucheza.

Rafiki yangu Kavata ana chumba kitupu kando ya saluni yake. Ameniwekea hadi mwisho wa Machi. Mbele kazi, nyuma ya pazia kitanda. Nikipata hicho chumba natoka kwa Muthama. Tangu ndoa yangu ivunjike nalala kwenye stoo yake na magunia ya mbaazi, na nikitaka kwenda mahali naomba ruhusa kama mtoto wa shule. Nina miaka thelathini na miwili. Sitaki kingine duniani, nataka hicho chumba.

Alhamisi, 4 Februari

Nyekundu ilikuwa imekatika ndani ya kebo ya skrini, karibu na shingo. Panya. Nimechuna waya, nimechomea, nimefunga na nailoni. Uso wa skrini umepata damu.

Kichwa kinauma kwa moshi. Furaha hata hivyo.

Jumatano, 10 Februari

Nilienda Machakos jana. Kijana wa ofisi moja ya kompyuta amenakili programu na gemu kwenye disketi zangu. Alinicheka kwanza. Mama mzima, gemu? Nikamwambia anakili, acheke baadaye.

Leo imewaka. Mtu mdogo anaruka mapengo, anakusanya sarafu. Ila anatembea kama mzee mwenye baridi yabisi. Kompyuta ni ya zamani, haina nguvu. Nimezima sauti. Akaanza kukimbia! Gemu bila sauti si gemu, lakini nimejua mzigo uko wapi. Nimepunguza ubora wa sauti kwenye mipangilio, sasa inakwaruza kama redio ya betri iliyoisha, na mtu anakimbia. Hiyo inatosha. Watoto hawaji kusikiliza kwaya.

Jumapili, 21 Februari

Kanisani. Pasta ametaja wanaopendekezwa kuwa wazee wa kanisa. Muthama yumo. Amekaa wima siku nzima, hata akila.

Mama ameanza kushona kitambaa cha kufunika kompyuta. Nyuzi nyeupe na njano, maua pembeni. Sijamwomba. Nimeguswa sana. Mama hajawahi kuuliza habari ya kazi yangu, hata redio yake nilipoitengeneza alimshukuru Muthama.

Ijumaa, 26 Februari

Kibodi haifai kwa gemu. Watoto watang'oa vibonye kwa siku mbili. Kwa hivyo nimechukua vidhibiti vya kuchezea, vile vya kushika mkononi, viwili, kutoka mashine ya gemu iliyokufa ya mteja ambaye hakurudi, na nimeunga nyaya zake kwenye tundu la printa. Wazo si langu, lilikuwa limeandikwa kwenye disketi. Kuchomea ni kwangu. Vidole vitatu vimeungua.

Muthama amekuja kufunga duka akanikuta nacheza. Nikampa cha pili. Alikataa, kisha akakaa juu ya debe la rangi. Tulicheza mpaka mke wake akatuma mtu kumwita. Alicheka mpaka machozi, kaka yangu huyu ambaye hacheki. Nimekumbuka tukiwa wadogo Kanyangi, tukichunga mbuzi, alivyokuwa akinibebea maji yangu.

Alipoondoka alisema, "Hii kompyuta yetu iko sawa." Yetu. Nimeliacha lipite, alikuwa na furaha.

Jumatatu, 8 Machi

Muthama amesema nisifungue kazi bila maombi. Ni kweli. Hapa hakuna anayefungua hata kibanda cha nyanya bila maombi. Watu hupeleka mbele gari jipya, cherehani, funguo za duka. Pasta anaweka mkono, kanisa linasema amina, unarudi na kitu chako. Mwenyewe ameshaongea na pasta. Jumapili hii.

Nimefurahi. Nilidhani ataona aibu na mimi na gemu zangu. Kavata amesema twende tukapake chumba rangi baada ya ibada. Ameshanunua brashi.

Jumamosi, 13 Machi

Nimeifunga kompyuta kifuniko chake, nimeifuta vumbi. Kitambaa cha Mama kimekwisha. Nimetaka kukijaribu, akakataa. "Kesho," amesema, na hakunitazama. Nimedhani ni uchovu wa macho kwa kushona.

Mke wa Muthama ameniuliza kama kompyuta ina jina la mtu. Swali la ajabu. Nimemwambia haina jina, ina mwenyewe tu. Akaenda kuangalia ugali.

Jumapili, 14 Machi

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Niliibeba mwenyewe. Hilo ndilo linaloniua. Hakuna aliyeninyang'anya. Niliibeba kwa mikono yangu miwili kutoka mlangoni hadi mbele, Muthama nyuma yangu na skrini. Meza ilikuwa imejaa. Maboga, kunde, mbaazi, madebe ya mahindi, kuku wamefungwa miguu. Ilikuwa Jumapili ya shukrani ya mavuno. Nilijua, kila mtu alijua. Lakini mimi nilienda kuombewa kazi, na mbele hapakuwa na meza nyingine. Shemasi akasema, "Weka tu hapo, dada." Nikaweka kati ya maboga na kuku.

Muthama akachukua maikrofoni. "Bwana asifiwe! Nyumba ya marehemu baba yetu mwaka huu haijavuna mahindi peke yake. Imetengeneza kompyuta. Tunaitoa kwa Bwana, malimbuko ya nyumba yetu."

Tunaitoa.

Vigelegele. Mama akainuka na kitambaa chake, akaifunika, akaanzisha wimbo. Wanawake wote wakaupokea. Nilikuwa nimesimama palepale. Ningesema nini? Kwamba namwomba Mungu anirudishie? Kilichowekwa kwenye meza ya mavuno ni sadaka, hata watoto wa shule ya Jumapili wanajua. Nikapiga makofi. Ndiyo, mimi. Watu waliniangalia, nami nikapiga makofi.

Baada ya ibada, mnada nje, kama kila mwaka. Kuku wakaenda, mahindi yakaenda. Ikaja zamu ya kompyuta. Mwalimu mmoja akainua mkono, na mwenye posho mill, kinu cha unga, akainua. Muthama akainua juu yao. Wakapanda kidogo, naye akapanda. Kisha wakamwachia, kwa heshima, kwa kuwa ni yeye aliyetoa. Mwenye mnada akapaza sauti kwamba Muthama ameikomboa sadaka yake, watu wakashangilia, pasta akamshika mkono. Mimi sikuinua wangu. Nilichokuwa nacho kisingenunua hata jogoo.

Asubuhi ilikuwa yangu na hakuna shahidi. Adhuhuri ilikuwa yake na kanisa zima ni shahidi. Amepita kwa Mungu kama mtu anayekata njia katika shamba la jirani.

Kavata alikuwa akiningoja nje na brashi ya rangi. Ameona uso wangu, akaificha nyuma ya sketi.

Jumatatu, 15 Machi

Nimeenda kwa pasta. Amenisikiliza vizuri. Amesema ameumia, hakujua, aliambiwa familia imekubaliana. Kisha: "Lakini dada Syokau, ilinunuliwa. Ile sadaka tayari ni ya paa la kanisa." Paa linavuja kweli. Nimekaa chini yake miaka mingi.

Kisha Mama. Alikuwa akichambua kunde, hakuacha kuchambua. Alijua tangu Februari. Kitambaa kilikuwa cha meza ile.

"Mwana wakwa, wewe ulirudi hapa na sanduku moja. Unakula hapa. Hiyo kitu imekunywa stima ya Muthama. Ni ya nyumba. Na sasa mtu hatasema tumekunyang'anya, imepita kwa Mungu."

Alisema kama anayenieleza jambo zuri nililopewa. Muthama namchukia tu, hiyo ni rahisi. Mama sijui nimfanye nini. Nimelia kwenye magunia.

Jumatano, 17 Machi

Muthama ameweka kompyuta mbele ya duka, pembeni ya kaunta. Ameniita. Atanilipa kila mwezi, nikae hapo, watoto wakija niwawashie. Nitaendelea kulala stoo, hakuna shida. Anaongea kwa upole. Anaamini kabisa kwamba amenisaidia.

"Ungepeleka hii mali kwa Kavata, kwa watu wa nje?"

Nimemwuliza kwa nini hakuniomba. Amesema ningekataa. Angalau hilo ni kweli.

Alitoka kupokea lori la saruji, nikabaki na kompyuta peke yangu. Imewaka. Ningeandika amri moja fupi, kila kitu kingefutika, na hapa Kitui hakuna ambaye angekirudisha. Niliweka vidole kwenye kibodi. Sikuweza. Kila waya mle nimeugusa mimi. Nimeizima vizuri, kama inavyotakiwa, nikaenda kufunga nguo.

Jumamosi, 20 Machi

Nimehama. Sanduku, godoro, sanduku la vyombo vya kazi, redio za wateja zilizobaki. Muthama alisimama mlangoni akasema nitarudi kabla ya mvua. Mke wake alinishikia godoro hadi barabarani.

Chumba hakina rangi bado. Kavata amesema kodi tutaongea mambo yakisimama. Nimemwambia hakuna gemu, kuna redio na pasi tu, na ameniambia nywele za watu zinakaushwa na dryer mbili na moja imekufa, nianze na hiyo.

Nina hasira hadi meno yanauma. Nimelala vizuri.

Jumapili, 28 Machi

Sikuenda kanisani. Nimesikia nyimbo kutoka hapa. Muthama amewekwa kuwa mzee. Nimepaka ukuta mmoja rangi, ile brashi ya Kavata. Rangi imeisha katikati ya wa pili.

Jumanne, 6 Aprili

Shule zimefunga. Kavata anasema kwa Muthama wamejaa hadi barabarani. Sikumwuliza. Hapa redio mbili na pasi. Pasi waya umekatika mkiani tu, kazi ndogo.

Kabla ya adhuhuri mtu amesimama mlangoni. Jua lilikuwa nyuma yake, sikumwona uso.

"Hodi."

Ilikuwa Mama. Amebeba muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kunde, kwenye kibakuli kilichofungwa na leso.

Nimekaa na pasi mkononi nikifikiria. Hakuna mtu amewahi kunipigia mimi hodi. Kwa mume wangu, hodi ilikuwa yake. Kwa Muthama waliingia tu stoo, hata watoto, hata nikiwa navaa, na Mama mwenyewe alikuwa akiingia kuchota mbaazi nikiwa nimelala. Sasa alikuwa nje, mguu mmoja kwenye jiwe la mlango, anangoja nijibu.

Bado nimemkasirikia. Hata saa hii naandika, nimemkasirikia. Sikuinuka upesi. Nilimaliza kukaza skrubu ya pasi, nikaiweka chini.

Kisha nikasema karibu, akaingia.

Kiti ni kimoja. Nimempa, mimi nikakaa sakafuni. Tumekula muthokoi. Ameangalia ukuta uliopakwa nusu, akauliza rangi ile inaitwaje. Halafu mwenye pasi akaja, nikasimama kumhudumia.