Nywele Nilizozifumua

Mama,

Jumamosi hii tunamaliza matanga yako. Wajomba wameshafika kutoka Butembo, nyumba yetu ya Murara imejaa magodoro, na kila anayeingia anasifu jinsi nilivyokutunza. "Masika alimupumuzisha mama yake," wanasema, nami nashukuru huku nimeinamisha kichwa. Siwezi tena, Mama. Nakuandikia wewe kwanza.

Unamkumbuka yule muuguzi aliyekupa mpira mdogo wa kuminya kila asubuhi ili vidole visikakamae? Ulimrudishia palepale. "Mimi si mutoto ya kucheza mupira. Muniletee kichwa nisuke." Alicheka, akasema kusuka nako ni dawa, tena labda nzuri kuliko mpira. Basi kila Jumamosi ulikuwa unachovya mikono kwenye maji ya moto, kisha unamkalisha mjukuu wako Furaha kati ya magoti na kumsuka kwa ajili ya misa. Wanawake wa Majengo, uliowasuka miaka yote ile, walisema mikono yako ni myepesi, mtu anasinzia ukimsuka. Furaha naye alikuwa anasinzia.

Lakini mistari ilianza kwenda kombo. Mmoja mnene, mwingine mwembamba, na njia ya katikati imepinda. Siku moja, nje ya kanisa, jirani alimtazama mtoto akaniuliza kama nimekosa msusi. Niliona haya, Mama. Haya ya kijinga. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Furaha saluni, wakazifumua zote, kazi yako ya asubuhi nzima, wakamsuka upya.

Tuliporudi ulikuwa mlangoni. Hukugomba. Heri ungegomba, maana ulimi wako tuliuzoea. Uliuliza tu, polepole: "Ile yangu ilikuwa inamuuma?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Ilikuwa inamuuma."

Misuko yako haikumuuma. Hata siku moja. Nilishindwa kusema kwamba mwenye haya ni mimi, nikamsingizia mtoto.

Tangu hapo hukuomba tena kichwa. Furaha akikusogelea, ulikuwa unaficha mikono chini ya kitenge. Muuguzi aliponiuliza siku hizi unafanya nini, nilimjibu kwa majivuno kwamba umepumzika, hukosi kitu. Kwetu mtoto mwema hamwachi mama mzee ahangaike, si ndivyo? Alitikisa kichwa. Alisema ugonjwa wa viungo ungekuja tu, lakini vidole vyenye kazi haviukubali upesi. Vyako viliukubali. Vilianza kushindwa vifungo vya blauzi, kisha kijiko, mwisho rozari, nikawa nakusogezea punje moja moja huku unanitazama usoni. Ningeweza kukuambia hapo. Niliendelea na Salamu Maria kama mtu asiye na neno moyoni.

Na sasa mama mdogo anawasimulia wageni kwamba uliacha kusuka kwa kuwa mikono yako ilikuwa mizito, ukamuumiza mjukuu. Anasimulia kwa huruma. Nimemsikia mara tatu, na mara zote tatu nimeendelea kuosha sahani.

Juzi nilimweleza Furaha ukweli. Akasema, "Mimi nilizania tate alinikasirikia." Miaka miwili, Mama! Yeye akidhani bibi yake hampendi, wewe ukidhani ulimtesa, nami katikati nikiwapikia uji wote wawili. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mpaka makaburini.

Kwaheri, Mama. Wote wanakuambia pumzika. Mimi sina uso wa kukuambia neno hilo. Nakuahidi hili tu: Jumamosi, padri akishabariki, kabla chakula hakijagawiwa, nitasimama mbele yao wote, mama mdogo akiwepo na yule jirani akiwepo. Nitasema mikono yako ilikuwa myepesi mpaka siku ya mwisho uliyosuka, na kwamba aliyedanganya ni mimi, binti yako wa kwanza. Waniseme watakavyo.

Furaha ameomba asimame pamoja nami. Nimemwambia akae. Hili ni langu.

Masika wako